Mchezaji Hapimwi kwa Siku Moja



Mwaka jana nilikuwa stendi ya Mikumi nikingoja basi la kwenda Iringa. Kwenye benchi nililokaa alikuwapo kijana wa miaka kama 18, mwembamba, njumu zake amezifunga kamba na kuzitundika kwenye begi. Alifuatana na mjomba wake. Kijana akaniamkia, nikaitikia, kisha nikamwuliza anakwenda wapi.

"Dar, baba. Nimeitwa kwenye majaribio."

"Unatokea wapi?"

"Ulaya."

Abiria waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Wengine hawakujua kwamba Ulaya ni kata ya Wilaya ya Kilosa, na kwamba mtu akitoka Kilosa mjini kuja Mikumi anaipita njiani. Mmoja akasema, "Sasa wewe umeshatoka Ulaya, unatafuta nini tena?" Kijana akacheka nao. Mjomba wake hakucheka. Aliniambia kwamba nyumbani wameuza magunia mawili ya mahindi ili kupata nauli, chakula cha siku tatu, na ada ambayo waandaaji wa majaribio wanaidai kwa kila kijana.

Nikamwuliza mpwa wake anacheza namba gani. "Kiungo," akajibu. "Mimi ndiye nawachezesha wenzangu."

Basi lao likaja, wakaondoka. Mimi nikabaki na swali ambalo ndilo mazungumzo yetu ya leo: mwalimu wa mpira ambaye hajawahi kumwona kijana huyu atamjuaje kwa dakika 20 uwanjani, akiwa amechanganywa na vijana 21 ambao hawajapata kucheza pamoja hata siku moja? Na je, zamani wachezaji wetu walijulikanaje?

Kabla ya kurudi Kilosa, tupite kwanza kwa watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, tuone kama wao wamelipata jibu. Wamarekani wana mpira wao, unaochezwa zaidi kwa mikono, na katika timu yupo mtu mmoja ambaye kila shambulio linaanzia kwake. Wao humwita kwotabeki. Akishapewa mpira ana sekunde mbili tatu tu za kuamua ampe nani, huku mapande ya watu yakimjia mbio kumwangusha. Kumpata kijana wa kazi hiyo ni suala linaloweza kumpa kocha heshima au kumfukuzisha kazi.

Kila mwaka, vijana wanaotoka vyuo vikuu hukusanywa katika mji wa Indianapolis na kupimwa mbele ya makocha wa ligi nzima. Hupimwa urefu, uzito, upana wa kiganja na kasi ya kukimbia yadi 40, ambazo ni kama meta 37. Kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa maswali 50 ya kujibiwa kwa dakika 12, mtihani ambao uliachwa mwaka 2022. Makocha huzitazama filamu za mechi zao, wakawapa chaki waeleze ubaoni walichokiona uwanjani na kwa nini waliamua vile walivyoamua.

Baada ya kazi yote hiyo, bado wanakosea. Mwaka 1998 wataalamu walibishana nani ni bora kati ya Peyton Manning na Ryan Leaf. Manning alichaguliwa wa kwanza na Leaf wa pili. Manning akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa historia yao. Leaf, mwenye mwili na mkono ambao makocha waliutamani, alikuwa ameacha mpira ilipofika mwaka 2002. Mwaka 2000 alikuwapo kijana aitwaye Tom Brady, mwembamba, mzito wa mbio, aliyetumia sekunde 5.28 kumaliza zile yadi 40. Timu zilimpita na kumpita tena. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake, naye akachukuliwa akiwa mtu wa 199. Huyo ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa wa nchi yao mara 7, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia.

Kwa nini walimkosa? Saa ilipima miguu yake, na kazi yake ilikuwa kichwani. Kitu kinachomfanya mtu kuwa kwotabeki mzuri ni uamuzi: kuona mapema, kuchagua upesi, na kutoharibikiwa akili baada ya kukosea. Kitu hicho hakionekani mtu akiwa peke yake. Huonekana kwa wenzake, pale wanapojikuta wanapata mpira mahali walipouhitaji.

Katika kandanda yetu, ndugu msikilizaji, mtu wa namna hiyo ndiye kiungo mchezeshaji. Mshambuliaji hupimwa kwa mabao. Mwenye mbio tunamwona sote. Lakini kiungo mwenye akili anaweza kucheza mechi nzima na mtazamaji wa siku moja akaondoka hakukumbuka hata jezi yake. Wanaomjua ni wale wanaomtazama kila Jumapili.

Sasa turudi Kilosa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikawa kituo kikubwa njiani. Kando ya reli yakaenea mashamba ya mkonge, Kimamba, Rudewa na kwingineko, na mashamba yakaleta manamba kutoka pande nyingi za nchi. Katika miaka ya 1960 ikajengwa njia ndogo ya reli kutoka Kilosa, kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero. Penye reli, shamba na kiwanda palikuwa na vijana wengi wenye nguvu, mshahara mdogo na Jumapili isiyo na kazi. Mpira ukapata mahali pa kukaa.

Timu za namna hiyo zilikuwa na utaratibu wao wa kuchagua wachezaji, ingawa haukuandikwa popote. Mnyapara, fundi wa karakana, karani wa ghala na mwalimu wa shule ya jirani walimwona kijana huyo huyo mwaka mzima. Walijua anavyofanya kazi akiwa na njaa, anavyowajibu wakubwa, anavyocheza timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili, na kama Jumatatu anaonekana kazini au amelala na pombe. Hapakuwa na saa ya kupimia mbio. Kulikuwa na muda.

Kutoka shamba, kijana aliitwa timu ya wilaya. Kutoka wilaya, aliitwa timu ya jimbo, na baada ya Uhuru timu ya mkoa. Wakati wa ukoloni majimbo yalishindania Kombe la Sunlight, ambalo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Kombe la Taifa. Kwa ngazi hizo ndiko ilikopatikana timu ya Tanganyika iliyotwaa Kombe la Gossage la Afrika Mashariki miaka mitatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashamba na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, na mashirika yakaanzisha au kukuza timu zake. Wapenzi wa zamani wanaikumbuka Reli ya Morogoro, iliyowahi kuwatoa jasho wakubwa wa Dar es Salaam. Ilikuwapo Pamba ya Mwanza, CDA ya Dodoma, Ushirika ya Moshi, na timu za Bandari. Kijana wa Kilosa hakulazimika kuhamia Kariakoo ili aonekane. Alihitaji kucheza vizuri dhidi ya timu iliyokuja kwa treni.

Kizazi kilichokua katika utaratibu huo ndicho kilichotupeleka Lagos. Mwezi Agosti 1979, mjini Ndola, Taifa Stars ilitoka sare ya bao 1-1 na Zambia kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kucheza fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Katika benchi la ufundi alikuwapo Slawomir Wolk wa Poland na mzalendo Joel Bendera, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Miongoni mwa wachezaji alikuwapo Jella Mtagwa. Katika ulinzi alikuwapo Leodegar Tenga, aliyesomea uhandisi na ambaye mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa TFF. Tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Tulidhani ni mwanzo. Ilituchukua miaka 39 kurudi, mwaka 2019 nchini Misri.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Utaratibu ule ulikuwa na macho, lakini ulikuwa na upofu pia. Kijana aliyekuwa kijijini mbali na reli na mashamba hakuonwa na mtu. Mtoto wa mkubwa wa shamba alipata jezi hata kama miguu yake ilikataa. Na wasichana hawakufikiriwa kabisa. Twiga Stars walipofuzu fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010, tulitambua ni vipaji vingapi vilivyopita mbele ya macho yetu kwa miaka 50 bila mtu kugeuza shingo.

Katika miaka ya 1990 mambo yalibadilika upesi. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na timu nyingi za mashirika zikafa pamoja na ajira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha mashindano ya michezo ya shule, UMISHUMTA na UMISETA, kwa hoja kwamba wanafunzi wasome kwanza. Yalirudishwa baada ya miaka kadhaa, lakini watoto wa miaka ile walikuwa wamekwisha kukua bila kuonwa na mwalimu wa wilaya nyingine.

Hapo ndipo majaribio ya siku moja yalipopata nguvu. Jicho lililokuwa Kimamba, Kidatu na Morogoro likahamia Dar es Salaam, na vijana wakaanza kulifuata kwa mabasi. Na mtu anayelazimika kuchagua upesi huchagua kinachoonekana upesi: urefu, kifua, mbio, na chenga mbili za kuwafurahisha wanaokaa kivulini.

Kuchagua kwa mwili kuna hatari nyingine. Kati ya watoto wa umri mmoja, aliyetangulia kukua huonekana hodari kuliko wenzake. Na asiye mtoto huonekana hodari zaidi. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, lakini tukaondolewa kwa kosa la kumchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana lililofanyika Nigeria, FIFA ilianza kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI ili kubaini umri. Mashine hiyo inaweza kumkamata mdanganyifu. Haiwezi kuturudishia mtoto halali aliyeachwa nyumbani kwa sababu alionekana mdogo.

Nichukue mifano miwili ambayo wapenzi wa soka mnaijua. Wa kwanza ni kipa Juma Kaseja. Wakati Mbrazili Marcio Maximo akiifundisha Taifa Stars, kati ya mwaka 2006 na 2010, Kaseja aliachwa nje ya timu kwa muda mrefu, na nchi nzima ikagawanyika. Wako waliosema kipa huyo ni mfupi. Wako waliosema kocha ana haki ya kutaka nidhamu anayoitaka. Sitaki kuufungua mjadala huo upya, maana kocha ndiye anayekaa na wachezaji kambini. Nasema tu kilichotokea baadaye. Kaseja alirudi Stars baada ya Maximo kuondoka, na mwaka 2019, akiwa na umri ambao wengi wameshatundika njumu, alidaka penalti jijini Nairobi tulipoitoa Kenya katika kufuzu mashindano ya CHAN. Urefu wake ulikuwa ule ule. Waliomwamini walikuwa wameuona moyo wake kwa miaka mingi.

Wa pili ni Mbwana Samatta. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na ikafungwa mechi zote mbili. Mtazamaji wa haraka angesema pale Simba hapakuwa na kitu cha kutazama. Mazembe walitazama vizuri. Walimwona kijana wa timu iliyofungwa anavyokimbilia nafasi, anavyodai mpira, asivyoinamisha kichwa. Mwaka huo huo wakamsajili. Mwaka 2015 alitwaa nao ubingwa wa Afrika na kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Fikirini, ndugu wasikilizaji, Mazembe walimpima katika mechi mbili za kweli, dhidi ya mabeki wao wenyewe, nyumbani na ugenini, akiwa anashindwa. Hakuna majaribio yanayoweza kumpa mwalimu nafasi kama hiyo.

Na kwa wale wanaodhani mkoani hakuna jicho, nawakumbusha Mtibwa Sugar. Ni timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, hapa hapa Mkoa wa Morogoro. Haikuwa na mashabiki wa kujaza uwanja wa Taifa. Ilikuwa na wachezaji waliokaa pamoja kando ya miwa, wakatazamwa na walimu wao asubuhi na jioni. Ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999, na kwa kuwa wengine walisema imebahatisha, ikautwaa tena mwaka 2000.

Basi tufanye nini? Hatuwezi kuyafufua mashirika yaliyokufa, na sidai turudi kwenye unyapara. Lakini tunaweza kurudisha muda. Klabu inayotaka kiungo imtume mtu wilayani, akae wiki mbili, amtazame kijana katika mechi tatu: moja nyumbani, moja ugenini, na moja ambayo timu yake inafungwa. Amwulize mwalimu wa shule aliyomfundisha. Azungumze na kijana mwenyewe baada ya mechi, amwambie, "Ule mpira wa dakika ya 30, kwa nini uliurudisha nyuma?" Kijana mwenye akili ya mpira atalikumbuka tukio hilo na kulieleza. Asiye nayo atasema hakumbuki. Swali hilo halina gharama, wala halihitaji kupelekwa Indianapolis.

Safari nayo si kisingizio tena. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya kwenda Dodoma inapita Kilosa, na barabara ya Mikumi inajulikana na kila dereva. Ni nafuu mwalimu mmoja kusafiri kuwafuata vijana 40 kuliko vijana 40 kuuza mahindi ya nyumbani kumfuata mwalimu mmoja.

Vyama vya mpira vya wilaya navyo vijiulize. Mechi ya ndondo inapochezwa Kimamba au Ruhembe, nani anaandika jina la kijana aliyecheza vizuri? Daftari la shilingi chache, likitunzwa miaka mitano, lingekuwa hazina kuliko simulizi zetu zote za kijiweni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipaji nacho ni mali.

Na ninyi wazazi, mnapodaiwa fedha ili mtoto atazamwe, ulizeni kwanza: ni klabu gani inayotafuta, inatafuta namba gani, na nani atakayetazama? Asiyeweza kuyajibu hayo matatu anatafuta mahindi yenu, hatafuti mchezaji.

Mwezi uliofuata nilipita tena Mikumi, nikamkuta yule mjomba. Nikamwuliza habari za mpwa wake. Alisema kule kwenye majaribio walikuta vijana wengi mno. Mpwa wake alipewa dakika 15, na kwa kuwa nafasi za katikati zilikuwa zimejaa, akapangwa beki wa kushoto, namba ambayo hajaicheza tangu azaliwe. Jioni yakasomwa majina, lake halikuwamo. Amerudi nyumbani, analima, na Jumapili anacheza.

"Na anacheza vizuri?" nikauliza.

"Njoo umwone mwenyewe," akasema mzee yule. "Lakini usije siku moja."

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.